Lori Mlangoni: Njia ya Nyumba na Njia ya Samaki Ufukoni mwa Ziwa Mweru

Nyumba ya bibi yangu iko Kashikishi, wilaya ya Nchelenge, upande wa Zambia wa Ziwa Mweru. Kutoka uani hadi barabarani kuna kichochoro kimoja tu, na upana wake ni wa lori moja. Nilipokuwa darasa la saba, lori lililokuja kubeba dagaa, ambao kwetu huitwa chisense, lililala katika kichochoro hicho. Usiku huohuo mdogo wangu wa kiume alishikwa na degedege. Nchelenge ni kati ya wilaya zinazosumbuliwa sana na malaria, kwa hiyo hakuna aliyepoteza muda kuuliza ni ugonjwa gani. Jirani yetu wa nyuma alikuwa na gari dogo, lakini gari lilikuwa ndani na lori lilikuwa mlangoni. Dereva alikuwa ameondoka na ufunguo. Utingo aliyelala juu ya magunia hakujua alikokwenda. Mwishowe baba alivunja ua wa matete, akampitisha mtoto katika shamba la mihogo la watu, akampeleka hospitalini kwa baiskeli huku mama akimshikilia nyuma.

Mdogo wangu alipona, na leo ni mrefu kunishinda. Lakini kesi ilikuwepo, na ilisikilizwa siku ya tatu chini ya mwembe wa mwine mushi, yaani mkuu wa kijiji. Watoto hawakufukuzwa, nami nilisikia yote. Wakati ule niliona ni kesi ya lori. Sasa, baada ya kusoma historia kwa miaka mitatu, naona wazee wale walikuwa wakibishana juu ya jambo lenye umri mkubwa kuliko lori lolote: ardhi iliyo kati ya mlango wa mtu na ziwa ni ya nani?

Dereva aliomba radhi kabla hajaulizwa. Kisha akajitetea. Alisema kila anayenunua samaki ufukoni huegesha hapo, kwamba ile ni njia ya samaki, na kwamba bibi mwenyewe alimpikia chakula misimu miwili na kulipwa beseni la chisense. Yote yalikuwa kweli. Mwenye mzigo, mama mmoja mfanyabiashara kutoka Kongo ambaye magunia yake yalikuwa yakienda Kasumbalesa, alizungumza Kiswahili cha Katanga, na mama yangu, mzaliwa wa Kilwa ya upande wa Kongo, ndiye aliyemfasiria. Kiswahili changu cha kwanza, kwa hakika, nilikisikia katika mabishano ya namna hiyo juu ya mizigo na madeni.

Baba alitaka jambo lipelekwe polisi. Mwine mushi alimuuliza atawaonyesha polisi karatasi gani. Swali hilo lilimnyamazisha, na naelewa kwa nini. Zambia ina Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 2002, lakini kichochoro chetu hakimo katika ramani yoyote ambayo familia yetu imewahi kuonyeshwa. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1995 ardhi yote ya nchi imewekwa mikononi mwa Rais kwa niaba ya wananchi, na sehemu kubwa ya vijijini inashikiliwa kwa mila. Bibi hana hati. Anacho kiwanja kwa sababu watu wanajua ni chake, na njia ya kwenda kiwanjani nayo ni yake kwa sababu hiyohiyo. Mwanafunzi mwenzangu kutoka Lamu aliniambia kwamba kwao mgogoro kama huu ungeanza na hadithi ya Mtume iliyopokewa na Abu Huraira: watu wakigombania njia, upana wake uwe dhiraa saba. Hiyo ni zaidi kidogo ya mita tatu. Sisi hatukuwa na dhiraa. Tulikuwa na mwine mushi.

Naye alianza hivi: “Mimi nilipokata njia hii, hapakuwa na nyumba hata moja upande wa barabara.” Nilishangaa. Nilijua umri wake, na nilijua kwamba mwembe tuliokalia kivuli chake ulimtangulia kuzaliwa. Nilidhani ni uzee.

Miaka mingi baadaye, katika maktaba ya chuo, nilisoma maandishi ya Ian Cunnison, mwanaanthropolojia aliyeishi katika bonde la Luapula kati ya 1948 na 1951. Anaeleza kwamba watu wa Luapula hurithi jina na nafasi ya marehemu pamoja na undugu wake wote, na kwamba mrithi husimulia matendo ya aliyemtangulia kwa kusema “mimi”. Mimi nilivuka mto. Mimi nilipewa ziwa hili. Mwine mushi hakuwa amechanganyikiwa. Alikuwa akitoa ushahidi kwa jina alilolirithi, na kwa mila yetu huo ndio ushahidi wenye uzito.

Je, ushahidi huo unaweza kuwekewa tarehe? Nadhani unaweza, angalau kwa upande mmoja. Kuanzia mwaka 1907 hivi, utawala wa Kampuni ya British South Africa ulianza kuwahamisha watu kutoka kingo za Luapula na ufuko wa Mweru kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Vijiji vilisogezwa mbali na maji. Waliruhusiwa kurudi mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kwa hiyo njia “niliyoikata mimi” haiwezi kuwa ile ya kabla ya malale bila kukatika. Kwa vyovyote ilibidi ikatwe upya na watu waliorudi. Waliporudi, vijiji vilikuja kujipanga kando ya barabara kwa mstari mrefu, na Cunnison alivikuta hivyo. Nyumba ikiwa kati ya barabara na ziwa, kila familia huhitaji njia mbili: ya kwenda kwenye maji na ya kwenda barabarani. Ya kwanza ni ya ndoo na mitumbwi. Ya pili ndiyo iliyokuja kuwa ya malori.

Lakini malori hayakuja kwetu mara moja. Kwa miongo kadhaa njia kuu ya samaki ilipita Kasenga, kwenye ukingo wa Kongo wa mto Luapula. Huko wafanyabiashara wa Kigiriki walinunua samaki kutoka kwa wavuvi wa pande zote mbili, wakawahifadhi kwa barafu, wakawapeleka kwa malori hadi Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kulisha wafanyakazi wa migodi ya Union Minière. Samaki aliyesifika alikuwa mpumbu. Mvua zikianza, mpumbu hupanda mto kwenda kutaga, na akiwa safarini hukutana na nyavu zilizotandazwa kutoka ukingo hadi ukingo. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwa karibu amekwisha. Naye alifungiwa njia ya nyumbani, ningeweza kusema, ingawa mhadhiri wangu ataona nimekwenda mbali.

Katanga ilipojitenga mwaka 1960 biashara ya Kasenga ilidhoofika, na miji ya Ukanda wa Shaba upande wa Zambia ikazidi kuvuta samaki. Wakati wa pale, samaki wa jamii ya sato, mzigo ulishuka kutoka mtumbwini na kununuliwa pale ufukoni. Chisense ndiye aliyebadilisha mambo, tangu miaka ya 1980. Huvuliwa usiku kwa taa, kisha lazima aanikwe mchangani, na waanikaji na wauzaji wengi ni wanawake. Kwa hiyo ua wa nyumba ukawa sehemu ya kazi. Chisense mkavu ni mwepesi na hujaza nafasi, magunia ni mengi, na hakuna anayependa kuyabeba kichwani hadi barabarani ikiwa lori linaweza kuingia hadi uani. Mwaka 2008 Daraja la Levy Mwanawasa lilifunguliwa Chembe na kuchukua nafasi ya kivuko, safari ya Ukanda wa Shaba kupitia Kongo ikawa rahisi, na malori ya Kashikishi yakaongezeka. Mjomba wangu alijenga ghala la kukodisha mbele ya nyumba ya bibi. Ghala hilo ndilo lililokifanya kichochoro kuwa na upana wa lori moja. Katika kesi hakuna aliyelitaja, na mjomba alikuwa amekaa mstari wa mbele.

Kufunga njia, hata hivyo, si jambo geni katika nchi ya Mwata Kazembe. Ilikuwa kazi ya dola. Msafara wa Wareno ulioongozwa na Lacerda ulifika mwaka 1798. Yeye mwenyewe alifariki huko, na wenzake walikataliwa kuendelea hadi Angola. Pedro João Baptista na mwenzake Amaro José, waliofika mwaka 1806 kutoka upande wa Angola, walizuiliwa kwa takriban miaka minne kabla ya kuruhusiwa kwenda Tete. Monteiro na Gamitto walikataliwa tena mwaka 1831. Mwata alifunga njia kwa maneno, kwa wajumbe, na kwa kungojea zawadi. Aliyefungiwa alijua nani amemfungia na anataka nini. Sisi usiku ule tulikuwa na bodi la lori, na utingo asiyejua chochote.

Katika masimulizi ya Walunda, Nachituti alimkabidhi Mwata Kazembe nchi na ziwa kwa kikapu cha udongo na chungu cha maji. Nimejiuliza mara nyingi ni wapi katika zawadi hiyo iliwekwa njia kati ya udongo na maji. Pengine haikuhitaji kutajwa, kwa kuwa enzi zile hapakuwa na kitu cha kuiziba ambacho watu wawili hawangeweza kukiinua.

Hukumu ilikuwa fupi. Baba alitaka faini, bibi hakutaka dereva afukuzwe, kwa sababu alijua beseni lile la chisense lilinunua daftari zangu. Mwine mushi alisema lori laweza kulala, lakini ufunguo utalala ndani ya nyumba ambayo lori linaizuia, na asiyekubali akaegeshe kwenye uwanja wa soko. Dereva alilipa kuku mmoja kwa ajili ya ua uliovunjwa na mihogo ya jirani. Mama wa Kongo alicheka, akamwambia bibi, “Mama, ufungulo iko hapa,” akauweka mkononi mwake mwenyewe. Baba alipigilia msumari nyuma ya mlango. Jioni nyingine ningehesabu funguo tatu pale. Zilipungua tu wakati wa marufuku ya uvuvi, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, na bibi alilalamika kwamba nyumba imekuwa kimya.

Mwine mushi yule alifariki mwaka nilioanza chuo. Julai iliyopita nilikwenda kumwamkia mrithi wake, mtu wa makamo ambaye wakati wa kesi alikuwa akifanya kazi Ndola na hakuwahi kumwona yule dereva. Nilimweleza kwamba ninaandika insha juu ya kichochoro chetu. “Ee, mjukuu,” akasema, “mimi ndiye niliyesema ufunguo ulale kwa bibi yako. Yule mtoto hajambo?”