Usonji na Nafasi ya Mtoto Kanisani

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayojitokeza utotoni. Hugusa mawasiliano, mahusiano na namna mtoto anavyopokea sauti, mwanga na mguso. Si laana, si uchawi, wala si matokeo ya malezi mabaya. Wanafunzi walipotaka kujua ni dhambi ya nani iliyomfanya mtu azaliwe kipofu, Yesu aliikataa hukumu hiyo (Yn 9:1-3). Nasi hatuna ruhusa ya kuirudisha.

Hapa Lushoto, ndugu zetu Walutheri huwapokea watoto wenye usonji katika shule ya Irente Rainbow. Nasi tuna wajibu wetu: Sheria ya Kanisa, kanuni 777, inamwagiza paroko ahakikishe wenye ulemavu wanapata katekesi kadiri ya hali yao. Hivyo mtoto anayeziba masikio ngoma zinapolia asifukuzwe; aketi na mzazi wake mbali na kwaya. Katekista atumie picha na maneno machache. Jumuiya Ndogo Ndogo iitembelee familia inayomficha mtoto kwa kuogopa maneno ya watu, maana anayefichwa nyumbani hunyimwa shule na Sakramenti pia.