Damu Kwenye Ncha ya Mzizi

Upasuaji wa kukata ncha ya mzizi wa jino ili kuondoa usaha uliojificha ndani ya taya ulianza kuandikwa katika karne ya 19. Daktari wa meno Mmarekani, John Farrar, aliueleza mwaka 1884. Tundu linalotobolewa kwenye mfupa ni dogo, ila hujaa damu mara moja. Daktari asiyeiona ncha hawezi kuikata sawasawa, na dawa ya kuziba mzizi haishiki penye majimaji.

Nafuu ya kwanza ililetwa na ganzi. Kokeini, ambayo Carl Koller wa Vienna aliitumia kwenye jicho mwaka huohuo wa 1884, ilisinyaza mishipa ya damu lakini ilikuwa na sumu kali. Mwaka 1901 mkemia Mjapani Jokichi Takamine aliitenga adrenalini, ambayo nayo husinyaza mishipa, na muda si mrefu Heinrich Braun, daktari Mjerumani, akaichanganya na ganzi. Mchanganyiko wa namna hiyo ungali msingi wa kazi hii, sasa kwa ganzi ya lidokeini. Nguvu ya adrenalini ikiisha, mishipa hutanuka na damu huweza kurudi kwa kasi, hivyo daktari hushindana na saa.

Damu inayochuruzika ndani ya mfupa wenyewe ilikuwa kazi nyingine. Mwaka 1892 Victor Horsley, mpasuaji wa ubongo wa London, alieleza nta yake ya nyuki, mafuta ya lozi na asidi ya salisiliki, aliyoizibia mifupa ya fuvu. Madaktari wa meno waliiazima. Ilizuia damu vizuri mno, ila mwili hauwezi kuiyeyusha: mabaki yake huleta uvimbe na kuuzuia mfupa usiote. Sulfati ya chuma, jamaa ya dawa ya majeraha ya Mfaransa Léon Monsel ya miaka ya 1850, hugandisha damu papo hapo, nayo ina kasoro ileile. Majaribio kwa sungura yalionyesha kwamba ikiachwa tunduni huchelewesha kupona. Hata nyuzi za pamba iliyoloweshwa adrenalini hudhuru zikisahaulika. Sponji ya jelatini, iliyoingia hospitalini miaka ya 1940, ni afadhali kwa kuwa huyeyuka yenyewe.

Siku hizi, mzizi ukishazibwa, tundu huoshwa kwa maji ya chumvi na kukwanguliwa taratibu mpaka damu itoke tena kabla ya ufizi kushonwa, kwa sababu mfupa mpya huota ndani ya bonge la damu.