Nani Ashike Bastola? Tathmini ya Mswada wa Filamu ya Stand by Me na Urafiki wa Wavulana

Mwaka 1982 Stephen King alichapisha The Body, riwaya fupi iliyomo katika mkusanyiko wa Different Seasons. Miaka minne baadaye ilifika sinemani kwa jina la Stand by Me. Mswada uliandikwa na Raynold Gideon na Bruce A. Evans, na Rob Reiner akaiongoza filamu. Mswada huo, ulioteuliwa kuwania tuzo ya Oscar, husifiwa hasa kwa mazungumzo yake: matusi, mizaha na viapo vinavyosikika kama vya watoto kweli. Sifa hiyo ni stahiki, lakini ubora wake, pamoja na dosari yake kubwa, umo katika uamuzi mwingine.

Mwaka 1959, wavulana wanne wa takriban miaka 12, Gordie, Chris, Teddy na Vern, wanafuata njia ya reli kwenda kuitazama maiti ya mvulana aliyegongwa na treni. Msomaji wa Afrika Mashariki ataona humo kivuli cha jando: marika wanatoka nyumbani, wanalala porini, wanakutana na kifo, wanarudi wakiwa wengine. Ila hapa hakuna ngariba wala nyakanga. Watu wazima ama wamezama katika msiba, ama ni walevi, ama hawaaminiki.

Katika riwaya, vijana wakubwa wanapokuja kuipora maiti, anayeshika bastola ni Chris, mtoto wa mlevi, ambaye mji mzima umekwisha kumhukumu. Katika filamu bastola imehamia mkononi mwa Gordie. Uhamisho huo una mantiki yake. Reiner aliifanya hadithi kuwa ya Gordie, mtoto aliyepuuzwa na baba tangu kaka yake, Denny, afariki. Denny, ambaye riwayani yuko mbali na mdogo wake, katika mswada anakuwa kaka mwenye upendo, na Gordie anamlilia mbele ya maiti ya mtu mwingine, akiwa amekumbatiwa na Chris. Ukuaji wake unaonekana kwa vitendo, bila hotuba. Lakini gharama hailipwi na Gordie. Mtoto fukara anavuliwa tendo lake kuu la ujasiri, likapewa mtoto wa nyumba inayoheshimika, naye akabaki kuwa mlezi wa mwenzake.

Kinachouokoa mswada ni onyesho la pesa za maziwa. Usiku, porini, Chris anakiri kuwa aliziiba, kisha anasema kwamba huenda alijuta, akazirudisha kwa mwalimu. Mwalimu akanyamaza, akamwacha aadhibiwe, na baadaye akaja shuleni na sketi mpya. Hapana mbio wala mapigano, ila urafiki wote umo humo: kuna mtu mmoja anayeweza kuambiwa. Kamati zinazopima miswada ya filamu za vijana zingefaidika kuanzia hapo, zikauliza nani katika urafiki amepewa tendo, nani amepewa kusikiliza, na kama mgawanyo huo unafuata tabia za wahusika au hali ya nyumba zao.

Riwaya ni katili zaidi. Wavulana wanapigwa vibaya baada ya kurejea, na wenzake Gordie wote watatu wanakufa wakiwa bado vijana. Mswada unafuta kipigo, unawaacha Teddy na Vern hai, na unamruhusu Chris kuwa mwanasheria kabla ya kuuawa akiamua ugomvi. Hata hivyo, ushindi wake unapita kwa sentensi chache za sauti ya Gordie; mtazamaji haonyeshwi hata siku moja ya masomo yake.