Japani Machoni pa Wageni: Ushahidi wa Picha na Mipaka Yake

Mwaka 1987 kilianzishwa mjini Kyoto Kituo cha Kimataifa cha Utafiti wa Utamaduni wa Kijapani, kifahamikacho kwa ufupi kama Nichibunken. Miongoni mwa hazina zake ni hifadhi ya picha za Japani zilizomo katika vitabu vya wageni. Yamkini msikilizaji atauliza: yawafaa nini Wajapani kukusanya picha walizochorwa na wengine, ilhali nyingi zina makosa?

Tuanze na Arnoldus Montanus. Kitabu chake, kilichochapishwa Amsterdam mwaka 1669, kimejaa picha za mahekalu, sanamu na mavazi, lakini mwandishi hakupata kukanyaga ardhi ya Japani. Alitegemea taarifa za wengine, na wachoraji wakajazia kwa kubuni. Atafutaye humo Japani ya karne ya 17 atapotoka; atafutaye jinsi Ulaya ilivyoiwazia Japani atapata ushahidi mwingi.

Hata hivyo, si kila picha iitwayo ya kigeni ilitoka mkononi mwa mgeni. Siebold, daktari Mjerumani aliyefika kisiwani Dejima mwaka 1823, alimtumia Kawahara Keiga, mchoraji wa Nagasaki, na michoro yake ikawa msingi wa picha nyingi katika kitabu alichokitoa Siebold huko Ulaya. Vivyo hivyo, picha alizopiga Felice Beato, aliyefika Yokohama mwaka 1863, zilitiwa rangi kwa mkono na mafundi Wajapani.

Biashara nayo ilikuwa na matakwa yake. Mwaka 1876 sheria iliwakataza samurai kuvaa panga hadharani. Lakini studio ziliendelea kuwauzia watalii picha za watu waliovishwa deraya, kana kwamba mambo hayajabadilika.

Kwa hiyo picha hizi ni ushahidi wa makutano: nani alitazama, nani alichora, nani alinunua. Ushahidi huo hupotea picha inapotengwa na kitabu chake, mwaka wake na maelezo yake. Ndiyo maana hifadhi ni muhimu. Nasi tunaosoma historia ya pwani yetu kwa michoro ya wasafiri, tusiitupe picha kwa kuwa imekosea, wala tusiiamini kwa kuwa ni kongwe. Tuihoji kama tumhojivyo shahidi yeyote.