Diefenbaker, Mzungu Aliyewakatalia Makaburu

Machi 1961 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola walikutana London. Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi ilikuwa ikijiandaa kuwa jamhuri, na Waziri Mkuu wake, Hendrik Verwoerd, aliomba ibaki mwanachama. Harold Macmillan wa Uingereza alitaka yaishe kimya kimya. Lakini Julius Nyerere, wakati huo Waziri Kiongozi wa Tanganyika ambayo ilikuwa haijapata uhuru, alikuwa ameshaandika katika gazeti la The Observer kwamba wakibaki makaburu, Tanganyika haiingii. Ndani ya mkutano, India, Ghana na Malaya zilikaza kamba. Kiongozi pekee mweupe aliyesimama upande wao alikuwa Waziri Mkuu John Diefenbaker wa Kanada.

Hakwenda kumfukuza mtu. Alichodai ni usawa wa watu wa rangi zote utamkwe wazi kuwa msingi wa Jumuiya. Kwa Verwoerd, hayo yalitosha kumfungia mlango. Machi 15 akaliondoa ombi lake.

Diefenbaker alikuwa wakili wa Prince Albert, mji wa wakulima wa ngano huko Saskatchewan, mwenye jina la Kijerumani katika nchi iliyotawaliwa na Waingereza na Wafaransa. Alishindwa uchaguzi mara kadhaa kabla ya kuingia bungeni mwaka 1940. Mwaka 1958 chama chake kikazoa viti 208 kati ya 265.

Kwa wingi huo angeweza kufanya makubwa. Mwaka 1960 alipitisha Sheria ya Haki, ingawa haikuyabana majimbo, na mwaka huohuo wenyeji wa asili wa Kanada wakapewa kura bila kulazimika kuacha hadhi yao ya kisheria. Haki hiyo ilichelewa mno, na shule za bweni zilizowatenga watoto wao na wazazi ziliendelea chini ya serikali yake.

Kilichomwangusha ni mambo ya ulinzi na kusitasita kwake. Mwaka 1959 alifuta mradi wa ndege ya kivita ya Avro Arrow, na maelfu wakapoteza kazi siku moja. Kisha akachukua makombora ya Bomarc kutoka Marekani, lakini akashindwa kuamua kama yawekwe vichwa vya nyuklia. Waziri wake wa ulinzi akajiuzulu, serikali ikaanguka, na Aprili 1963 Lester Pearson akamshinda. Alibaki mbunge hadi kifo chake mwaka 1979, na Wakanada wengi bado humkumbuka kwa ndege ile kuliko kwa jambo lingine lolote.