Namba za Rangi: Chimbuko la Hitilafu katika Terminali

Terminali ya VT100, iliyotolewa na kampuni ya DEC ya Marekani mwaka 1978, ilikuwa skrini na kibodi vilivyounganishwa kwa waya na kompyuta iliyokaa kwingine, nayo haikuwa na rangi: mwonekano wa herufi ulibadilishwa kwa kukolezwa, kupigiwa mstari au kugeuzwa weusi kuwa weupe, na amri ya kufanya hivyo ilikuwa mfuatano unaoanza na alama isiyochapika yenye namba 27, ikifuatwa na mabano ya mraba, namba na herufi m. Kiwango cha ANSI X3.64 cha mwaka 1979 kilizitengea rangi nane za maandishi namba 30 hadi 37, ambamo 31 ni nyekundu na 34 ni buluu, lakini hakikueleza buluu hiyo iwe ya mkolezo gani. Pengo hilo ndilo asili ya malalamiko mengi, kwa kuwa programu ya kuhariri matini hutuma namba tu, na skrini ndiyo inayoamua namba hiyo ionekane vipi.

Mkanganyiko ulizidi mwaka 1981, IBM ilipotoa kadi ya michoro ya CGA yenye rangi 16, ambayo iliihesabu buluu kuwa 1 na nyekundu kuwa 4, kinyume kabisa na kiwango, ambako tarakimu ya mwisho ya nyekundu ni 1 na ya buluu ni 4. Hifadhidata ya terminfo, inayoziarifu programu uwezo wa kila aina ya terminali, ililazimika kubeba amri za mipangilio yote miwili, kwa hiyo maelezo yakichanganya mpangilio, nyekundu na buluu hubadilishana nafasi huku kijani ikibaki salama, dalili ambayo mchunguzi makini haikosi. Desturi nyingine ya enzi hizo, ya kuonyesha maandishi yaliyokolezwa kwa rangi angavu zaidi badala ya wino mzito, bado hugeuza nyeusi kuwa kijivu.

Vim, programu ya kuhariri matini, ilipoanza kupaka rangi sehemu za msimbo katika toleo la 5.0 la mwaka 1998, ilibidi pia ikisie kama mandharinyuma ni meusi au meupe, na ikikosea, buluu nzito huzama gizani. Mwaka uliofuata programu ya terminali ya xterm iliongezewa rangi 256, yaani 16 za awali, 216 za mchanganyiko na 24 za kijivu, lakini programu huzitumia tu iwapo TERM, kigezo cha mazingira kinachotaja aina ya terminali, kimetajwa sawasawa. Tmux, inayosimama kati ya programu na skrini, ina TERM yake, na hapo ndipo wengi hukwama. Kwa sababu hiyo uchunguzi huanza nje ya kihariri, kwa kuituma namba 34 moja kwa moja kwenye skrini: buluu isiposomeka hata hapo, kinachohitaji kurekebishwa ni jedwali la rangi la terminali yenyewe.