Nilsson Sings Newman: Albamu Iliyoweka Jina la Mtunzi Mbele

Wasee, tumelelewa na methali ya kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa muziki, hiyo methali inatudanganya. Ushahidi wangu ni albamu ya 1970 ambayo wengi wenu hamjawahi kuisikia: Nilsson Sings Newman.

Tuanze na Randy Newman. Unamjua hata kama hudhani unamjua. Ile sauti ya kukwaruza inayoimba You've Got a Friend in Me kwa Toy Story ya 1995? Ndiye huyo. Lakini kitambo, miaka ya sitini, alikuwa tu kijana wa Los Angeles anayeandikia watu wengine nyimbo. Albamu yake ya kwanza ilitoka 1968 na haikuuza. Sauti haikuwa ya redio, na maneno yalikuwa magumu kumeza. Newman huvaa ngozi ya mtu mwingine, awe mpweke au hata mbaguzi, halafu anaimba kama ndiye. Usiposikiliza vizuri utadhani anamtetea.

Sasa Harry Nilsson. Mzaliwa wa Brooklyn, 1941. Shule aliacha mapema, na kazi ya benki aliipata kwa kudanganya ati amemaliza high school. (Mimi nimeacha kampasi, so namwelewa, lakini msijaribu hiyo na CV zenu.) Usiku alikuwa kwa kompyuta za benki, mchana anatembeza nyimbo zake. 1968, Lennon na McCartney wa Beatles walipoulizwa New York ni msanii gani wa Marekani wanampenda, walitaja Nilsson. 1969 Everybody's Talkin' ikaingia kwa filamu ya Midnight Cowboy, ikafika namba 6 Marekani na kumpa Grammy.

Hapo ndipo naona ujasiri wake. Huyu si mtu aliyekosa nyimbo. Yeye mwenyewe ni mtunzi. Kikundi cha Three Dog Night kilikuwa kimebamba na One, ngoma aliyoandika. Ukiwa juu hivyo, kila mtu atakuambia utoe hit ingine chapchap. Yeye akachukua nyimbo 10 za Newman, akamkalisha Newman mwenyewe kwa piano, akaimba. Ile kwaya unayoisikia nyuma ni Nilsson tu, sauti yake imerekodiwa juu ya sauti yake, mara nyingi sana.

Iliuza? Zii. Jarida la Stereo Review liliipa tuzo ya rekodi ya mwaka, lakini madukani ilidoda.

Newman alikuja kushinda Oscar 2002, baada ya kuteuliwa mara 15 na kutoka mikono mitupu. Siwezi kukuambia ni Nilsson aliyemfikisha hapo. Ninachosema ni kwamba kizuri hakijiuzi; kinahitaji mtu mwenye jina akibebe, hata kama hakitamletea pesa. Na Nilsson hakubeba nyimbo tu. Aliweka jina la mwenye nyimbo kwa kichwa cha albamu, kando ya lake.

Huku kwetu? Malaika imeimbwa na Miriam Makeba, imeimbwa na Boney M, dunia nzima inaijua. Mpaka leo bado tunabishana kama ni ya Fadhili William au ya Adam Salim. Na si mambo ya zamani peke yake. Nina beshte Kayole anayeandikia wasanii mistari. Anatumiwa elfu mbili kwa M-Pesa, ngoma inatoka, inachezwa kwa kila mathree, jina lake halipo popote. Hata chini ya video hawamtaji.

Msanii, kama uko juu saa hii, huhitaji kutoa albamu nzima. Andika jina la aliyekuandikia, mahali watu wataliona. Na wewe shabiki, ngoma ikikubamba leo, kabla uirushe kwa status, uliza swali moja: hii nani aliandika?